mRDT: maoni ya mtu aliyezeekea kwenye hadubini

Nianze na hukumu, kwa wale wanaosoma aya ya kwanza na kuondoka: kipimo cha haraka cha malaria, kile kikaseti cheupe cha plastiki ambacho hospitali wanakiita mRDT, ni kitu kizuri. Kinunue, kiamini kwa kazi yake, usikitwishe kazi isiyo yake. Anayesema haya ni mwanamke aliyekaa maabara ya zahanati huku Muheza mpaka akastaafu, na kikaseti hiki kilipoletwa alikipokea kama mtu anavyompokea mke mwenza.

Kabla yake kazi ilikuwa hadubini. Unamtoboa mgonjwa, unapaka tone zito na tone jepesi juu ya slaidi, unasubiri likauke, unatia rangi ya Giemsa, unasuuza, unakausha tena, ndipo unakaa kuhesabu. Hujamwandikia mtu "hakuna wadudu" mpaka umepitia sehemu 100 za lile tone zito kwa lenzi ya mafuta. Huku nje foleni, watoto wanalia, umeme una tabia zake, na mganga mfawidhi anagonga dirisha anataka majibu. Mtaalamu mzuri aliyelala vizuri anaweza kuona vimelea 50 katika kila maikrolita ya damu (sehemu moja ya milioni ya lita), hata pungufu ya hapo. Aliyechoka, na ikifika saa tisa alasiri kila mtu wa maabara amechoka, anaanza kuona wadudu kwenye vumbi la rangi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, dawa baadaye. Kwa hadubini peke yake jambo hilo lisingewezekana. Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na chombo, na zilizokuwa nacho hazikuwa na mtu wa kukitazamia. Kikaseti kikaziba pengo hilo, na mpaka leo ndicho kinacholiziba.

Haya, kifungue. Chana kifuko cha foili pale penye alama, usitumie meno. Ndani utakuta kaseti na kijipakiti kidogo cha chembe za kunyonya unyevu, ambacho karibu kila mtu hukitupa bila kukitazama. Kitazame. Karatasi ya maelezo inakwambia rangi yake ya uzima ni ipi na rangi ya kuharibika ni ipi. Kikiwa kimebadilika, unyevu umeshaingia, na kaseti hiyo ni takataka hata kama tarehe yake ya mwisho ni mwakani. Katika boksi utakuta pia lanseti ya kutobolea, pamba yenye spiriti, kikombe kidogo au kimrija cha kuchukulia damu, na chupa ya bafa, yaani kimiminika cha kuisukuma damu ndani ya kaseti.

Damu inayotakiwa kwenye aina nyingi ni maikrolita 5. Ni tone dogo mno, dogo kuliko watu wanavyodhani. Toboa kidole cha nne, ubavuni, baada ya spiriti kukauka kabisa. Gusisha kimrija kwenye tone, acha damu ipande yenyewe mpaka kwenye mstari, kisha iguse kwenye kile kitundu cha damu. Bafa inaingia kwenye kitundu kingine, matone kwa hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi ya boksi hilo hilo. Nasema boksi hilo hilo kwa sababu makampuni yanatofautiana: hili matone mawili, lile manne, hili dakika 15, lile dakika 20. Nimeona watu wakichanganya bafa ya boksi moja na kaseti za boksi jingine kwa kuwa "yote ni maji". Si maji, na usichanganye.

Sasa nikupeleke ndani, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kukipenda.

Watu hudhani ule mstari mwekundu ni damu iliyogandia pale. Ule mstari ni dhahabu. Ni dhahabu ile ile ya Geita na ya pete ya ndoa, ila imetengenezwa kwa chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wako una unene wa nanomita kama elfu themanini. Kwa udogo huo dhahabu huacha kabisa kuwa ya njano. Mwanga ukiipiga, elektroni zake zinayumba pamoja na mwanga huo, zinameza sehemu ya kijani, na kinachofika kwenye jicho ni wekundu uliokolea. Mwanasayansi Michael Faraday alieleza habari za maji ya dhahabu mekundu namna hii huko London mwaka 1857, na chupa zake bado zimehifadhiwa katika Royal Institution, wekundu wake haujatoka. Chembe hizo zikishikana madonge, rangi inageuka kuwa zambarau au ya kijivu. Kwa hiyo kaseti inayotoa mstari wa kijivujivu inakuambia kwamba kuna jambo limeipata njiani.

Kila chembe ya dhahabu imevikwa kingamwili, yaani protini zinazokamata kitu kimoja maalumu. Hizo hutoka kwenye seli za panya zinazofugwa kiwandani, kwa njia waliyoitangaza Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge mwaka 1975. Kazi yake ni kukamata protini moja tu, HRP2, ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huitoa kwa wingi kikiwa ndani ya chembe nyekundu. Bafa inapasua chembe nyekundu, inaizindua dhahabu iliyokuwa imekaushiwa kwenye kipande cha pedi, na vyote vinaanza kutembea juu ya utepe wa nitroselulosi. Kwenye herufi T kuna kingamwili nyingine zimebandikwa pale, nazo zinaikamata HRP2 upande wa pili. Protini inabaki katikati, huku imeshikwa na utepe, huku imeshikwa na dhahabu. Chembe moja ya dhahabu huwezi kuiona. Zikikusanyika tele mahali pamoja, jicho langu la uzee linaona mstari bila miwani.

Halafu kuna herufi C, na hapa naomba usikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine zote.

Katika vipimo vingi, kwenye C zimebandikwa kingamwili za mbuzi zinazokamata kingamwili za panya. Basi. Hazijui malaria, hazijui damu, hazikujui wewe. Dhahabu iliyopita T bila kukamatwa inafika C na kuzuiwa. Mstari wa C usipotokea, kaseti imekufa, itupe uchukue nyingine. Ukitokea, inakuambia kwamba bafa imetembea na dhahabu bado ni nzima. Haikuambii kwamba damu ilitosha. Haikuambii hata kwamba damu iliwekwa.

Kuna duka la dawa mtaani kwetu ambalo vijana wake nawaheshimu, wanajitahidi. Siku moja nilichukua kaseti, nikatia bafa tupu, nikaiweka kaunta, tukapiga soga. Muda ulipofika C ilikuwa imesimama nyekundu safi, T hakuna.

"Umeona? Hana malaria," akasema yule mdogo.

"Nani hana?"

Akaitazama tena, akanitazama mimi. "Bibi, kwani damu ni ya nani?"

"Ya bafa."

Yule mkubwa akacheka, kisha akanyamaza, akauliza sasa hiyo C kazi yake nini. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Tangu siku hiyo wanamwonyesha mteja tone la damu kwenye kimrija kabla ya kuliweka, na mimi sina ninachotaka zaidi ya hapo. Ukipimwa dukani au na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, angalia hilo tone. Likiwa nusu, sema. Ni haki yako na wala si utovu wa adabu. Likizidi nalo lina shida yake: dirisha lote linakuwa jekundu na mstari hafifu unapotelea humo.

Kusoma majibu kuna ubishi wake. Mstari wa T ukiwa hafifu, hata wa kutazama ukiwa umeinamisha kichwa, umetokea. Hakuna "malaria kidogo" kwenye kikaseti. Lakini usome ndani ya muda ulioandikwa. Kaseti iliyolala mezani usiku kucha isikupe malaria asubuhi. Ikikauka inaweza kuchora vitu ambavyo havikuwepo.

Lawama kubwa ninayoisikia mtaani dhidi ya mRDT ni kwamba haisemi idadi. Jirani yangu mwenye shamba la machungwa alipimwa, mstari ukatoka, dawa mseto akapewa, na bado akaja kwangu na uso umekunjamana. "Mama, wamenipima nusu nusu. Wadudu wangapi hawakuniambia." Kizazi chetu kilizoea kuandikiwa plas moja, plas mbili, na mtu mwenye plas tatu alitembea na karatasi yake akionyesha watu. Nilimweleza hesabu ilivyokuwa ikifanyika: unahesabu wadudu mpaka ufikishe seli nyeupe 200, halafu unachukulia kwamba maikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Wadudu watano kwa seli 200 ni sawa na wadudu 200 kwa maikrolita. Na kiwango hicho cha 200 ndicho kinachotumika kupimia ubora wa vikaseti: kilicho bora hakitakiwi kukikosa. Kwa mtu mzima aliye na homa, anayekula na kutembea, dawa ni ile ile awe na wadudu 500 au 5,000. Idadi inakuwa na maana kubwa kwa aliyezidiwa: mtoto anayedegedeka, mama mjamzito asiyejitambua, mtu aliyelazwa ambaye daktari anataka kujua kama wadudu wanapungua. Hao wapelekwe penye hadubini, na haraka. Kuna hata jambo lisilotokea mara nyingi ambapo protini inakuwa nyingi kupita kiasi, inazijaza kingamwili zote za pande mbili, na mstari unatoka hafifu au hautoki. Kwa hiyo mgonjwa aliye mahututi asirudishwe nyumbani kwa neno la kikaseti peke yake.

Linalowatia watu hasara zaidi lakini ni hili: kurudia kupima baada ya dawa. Mtu amemaliza mseto vizuri, siku ya saba anahisi uchovu, ananunua kaseti, T inatoka, ananunua dozi nyingine. Kisha nyingine. HRP2 inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa baadhi ya watu hata zaidi ya mwezi. Kikaseti kinakamata protini; hakiulizi aliyeiacha yuko hai au amekufa. Ukitaka kujua kama umepona, slaidi. Vipo pia vikaseti vinavyotafuta pLDH, kimeng'enya cha kimelea kilicho hai, ambacho hutoweka mapema zaidi dawa ikifanya kazi, ila uwezo wake wa kuona falciparum wachache kwa kawaida uko chini kidogo.

Hilo linanileta kwenye kuchagua boksi. Lililoandikwa Pf tu linatafuta falciparum, ambaye ndiye anayetusumbua Tanzania kwa sehemu kubwa kabisa. Lililoandikwa Pf/Pan lina mstari wa ziada kwa ajili ya ndugu zake, malariae na ovale na vivax. Kwa nyumba ya kawaida huku Tanga Pf inatosha. Homa ikiwa inarudi rudi na Pf inasema hapana kila mara, hapo ndipo Pf/Pan au slaidi vina faida.

Angalia pia joto. Maboksi mengine yanavumilia mpaka nyuzi 40, mengine mwisho 30, na imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Kuna duka, silitaji, ambalo maboksi yake yanakaa rafu ya juu kabisa chini ya bati bila dari. Januari ukiinua mkono pale juu unaurudisha. Kingamwili ni protini, na protini haipendi kupikwa. Ukinunua, uliza boksi lilikaa wapi. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Majibu yakiwa hasi, ni majibu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu bado naona watu wanapimwa, T haikutoka, na wanaondoka na mseto "kwa usalama". Wengine wanaondoka na taifodi ya kubuni, au hiyo UTI ambayo siku hizi kila mtu anayo. Kama hutaki kuamini kipimo, usijitoboe. Homa ikiendelea baada ya hasi, rudi upimwe tena kesho au keshokutwa, na umwone daktari atafute kinachokusumbua.

Ipo sababu moja ya kweli ya kukiogopa kikaseti, nayo inatoka kwa kimelea mwenyewe. Wapo falciparum waliopoteza kipande cha jeni kinachotengeneza HRP2. Wanaishi vizuri tu, wanaumiza vile vile, na kikaseti cha HRP2 hakiwaoni. Habari ya kwanza ilitoka bonde la Amazon nchini Peru mwaka 2010. Mwaka 2016 Eritrea ikaonekana wamejaa kiasi kwamba nchi ililazimika kubadili aina ya kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema nchi ibadilishe pale majibu hasi ya uongo kwa sababu hiyo yanapozidi asilimia 5. Kwetu Tanzania tafiti zimewakuta ni wachache sana, kwa hiyo huna haja ya kulitupa boksi lako. Wanaopaswa kulala macho wazi kwa ajili hiyo ni wizara na watafiti, na Pembe ya Afrika haiko mbali.

Wazazi wengine wananiuliza kama mtoto aliyechanjwa malaria atatoa mstari. Chanjo yenyewe haitoi mstari. Chanjo ya RTS,S, ambayo ilijaribiwa mpaka hapa jirani Korogwe, na R21 iliyoifuata, nazo ni vitu vya nanomita, vijiduara vya protini vinavyojiunda vyenyewe. Lakini vimebeba kipande cha protini nyingine, ile inayofunika kimelea kikiwa bado kinatoka kwenye mate ya mbu. Kikaseti hakiijui. Aliyechanjwa akitoa T, ana malaria au alikuwa nayo juzi juzi, atibiwe.

Nyota nne kati ya tano. Bei yake dukani haizidi nauli yangu ya kwenda na kurudi hospitali ya wilaya, na zahanati za serikali wanakupima bila hata hiyo.

Wakubwa wa utafiti wanakimbilia wapi? Kwenye kuona kidogo zaidi na kidogo zaidi. Mwaka 2017 kilitoka kikaseti cha HRP2 chenye uwezo wa kuona takriban mara kumi zaidi ya vya kawaida. Kizuri kwa wanaotafuta wadudu waliojificha kwa watu wasioumwa, lakini mwenye homa kali kwa kawaida ana wadudu wa kutosha kuonekana na cha bei rahisi. Mwaka 2020 watafiti wa University College London walichapisha kwenye jarida la Nature kazi ya kuweka almasi za nanomita mahali pa dhahabu. Almasi hizo zina dosari maalumu ndani yake zinazong'aa, na kwa mawimbi ya maikrowevu mng'ao wake unapandishwa na kushushwa, ili mashine iutenge na mng'ao wa karatasi. Walijaribu kwa ajili ya VVU na wakapata uwezo mara 100,000 kuliko dhahabu. Nimeisoma kwa heshima zote. Ila almasi inataka mashine ya kuisomea, na dhahabu inataka jicho tu.

Ile nyota ya tano naishikilia kwa ajili ya kitu cha bei nafuu zaidi. Nataka mstari mmoja wa ziada, usiotokea mpaka damu ya kutosha iwe imeingia. Himoglobini iko tele kwenye kila tone, na kingamwili za kuikamata zipo, zinatumika kwenye vipimo vya kutafuta damu kwenye choo. Kiwanda kitakacholeta kikaseti hicho Muheza, mimi nitanunua boksi zima siku hiyo hiyo, na moja nitawapelekea wale vijana wa duka la dawa.